Postikadi za zamani: zitundike pale uso unapokaribia ukuta

Postikadi ya zamani ina sentimita 9 kwa 14 hivi. Ilitengenezwa ishikwe mkononi, isomwe, igeuzwe nyuma. Ukiitundika peke yake juu ya kochi, kwenye ukuta mpana wa sebule, mgeni aliyekaa upande wa pili ataona doa la kahawia tu. Watu wengi wanaoniletea postikadi niziwekee fremu wanataka ziende hapohapo juu ya kochi, nami huanza kwa kuwatoa hapo.

Zunguka nyumba yako utafute mahali ambapo mtu husimama au hukaa uso ukiwa karibu na ukuta: pembeni mwa swichi ya taa, kwenye ngazi, kando ya meza ya simu, upande wa kichwani mwa kitanda, korido ile nyembamba ambayo hakuna samani inayoingia. Hapo kadi moja inatosha, na hapo ndipo gharama inaposhuka, maana huhitaji kadi ishirini kujaza ukuta. Wenye nyumba za mawe, Unguja au Lamu, wana bahati zaidi: kidaka, kile kishimo cha rafu ndani ya ukuta, kinaipokea kadi iliyoegemezwa tu, bila msumari wala fremu.

Sasa kuzipata. Kadi asilia za Zanzibar au Mombasa za kabla ya 1914 zinagombewa na wakusanyaji, kwa hiyo si rahisi kwa bei. Za miaka ya 1970 na 1980, zile za hoteli, twiga na majahazi zenye rangi kali, bado watu wanazidharau, nunua hizo. Kuna pia maboksi ya bibi na babu ambayo hakuna aliyeyafungua. Ukikuta kadi humo, geuza nyuma kwanza. Uingereza iliruhusu ujumbe na anwani kukaa upande mmoja mwaka 1902, Marekani ikafuata 1907. Kabla ya hapo nyuma palikuwa pa anwani peke yake, na mwandishi alibana salamu zake mbele, kuzunguka picha. Kadi ya namna hiyo, yenye mwandiko uliopanda angani juu ya minara, mimi naiona nzuri kuliko iliyo safi, ingawa wakusanyaji wengine watanipinga.

Lakini ukutani weka nakala, asilia ibaki kwenye boksi kavu. Jua la dirishani hula wino, na wino wa zambarau wa zamani ndio hutangulia kufifia. Pwani kuna unyevu pia. Kadi ambayo ni picha halisi ya studio ina tabaka la jelatini juu. Masika ikiingia, jelatini inalainika na kung'ang'ania kioo cha fremu, na ukiibandua unaondoka na nusu ya picha. Hata nakala yako usiiache iguse kioo. Kata dirisha kwenye karatasi nene ya manila, liwe dogo kuliko kadi kwa milimita mbili tatu kila upande, uiweke kati ya kadi na kioo. Manila hiyo inafanya na kazi ya pili: ukiiacha na pambizo pana, sentimita sita au saba, kadi ndogo inapata uzito ukutani hata kama fremu ni ya bei ya chini kabisa.

Ukienda steshenari kuskani, omba nukta 600 kwa inchi. Kadi ya 9 kwa 14 ikiskaniwa hivyo, unaweza kuiprinti kwa nukta 300 ikawa 18 kwa 28, yaani inaingia kwenye A4 bila kupoteza ukali. Karatasi iwe ya gramu 200 isiyong'aa. Ila kabla ya kukuza, itazame kadi kwa lenzi. Picha halisi ya studio haina vidoti vya wino, kivuli kinateleza taratibu, hiyo ikuze. Iliyochapwa kiwandani kwa vidoti ukiikuza vinatoka vyote, anga inakuwa kama chujio. Hiyo iprinti kwa ukubwa wake uleule.

Usishangae rangi zikiwa za ajabu. Kadi nyingi za pwani yetu zilichapwa Ujerumani, na waliozitia rangi hawakuwahi kuiona Forodhani ya Unguja, wakakisia. Rangi hizo za kukisia, waridi na kijani kilichopauka, zinakaa vizuri kwenye ukuta wa chokaa. Kwenye ukuta wa rangi ya mafuta inayong'aa zinapotea.

Kuhusu cha kutundika, nina upendeleo wangu. Majengo na mitaa kwanza. Beit al-Ajaib, ile nyumba ya sultani kule Unguja iliyojengwa 1883, iliporomoka sehemu ya mbele tarehe 25 Desemba 2020. Kadi inayoonyesha uso wake mzima ina cha kusema kila mtu anapopita kwenye korido. Zile kadi za wanawake waliokalishwa studio nusu uchi, zikaandikwa chini jina la kabila badala ya jina la mtu, siziwekei fremu. Mteja akisisitiza namrudishia. Yule alikuwa bibi wa watu, na hakuna anayejua kama aliulizwa.

Gundi, selotepu na lamineshini viache kabisa kwa asilia. Selotepu huacha alama ya njano inayopenya mpaka upande wa pili, na kadi iliyofungwa kwenye plastiki ya moto haitoki tena. Pembe nne ndogo za karatasi zinatosha kuishika.

Kuta za chokaa zinamomonyoka ukipiga misumari mingi. Piga miwili tu, kwenye fremu ya mlango au kwenye boriti, ufunge uzi wa katani katikati, ubane nakala kwa vibanio vya nguo. Vibanio viwe vya mbao, na kama vina springi ya chuma weka kipande cha karatasi kati yake na kadi: chumvi ya bahari hukitia chuma kutu upesi, na alama ya kutu haitoki kwenye karatasi.