Rada kwenye tenki haidanganyi, angalia umeifunga wapi

Juzi fundi mmoja kanipigia kutoka kiwandani huko Moshi, anasema rada ya tenki la molasi, kile kifaa cha juu ya tenki kinachoonyesha molasi imefika mita ngapi, imekufa, imeganda mita 6 toka asubuhi na pampu inavuta tu. Nikamuuliza, ngazi ya ndani iko upande gani? Kimya kidogo, afu akacheka. Sensa, yaani hiyo rada yenyewe (siyo ile ya kuhesabu watu), ilikuwa inasoma kikanyagio cha ngazi badala ya molasi.

Hapa chuoni Arusha wanafunzi wengi wanadhani rada inapima mzigo, hapana, inapima nafasi tupu iliyo juu ya mzigo. Inatuma wimbi la redio kutoka juu ya tenki, wimbi linagonga uso wa molasi na kurudi kama mwangwi, sensa inapata umbali halafu inaupunguza kwenye urefu wa tenki ulioujaza wewe mwenyewe, kwa hiyo ukijaza urefu wa uongo na jibu litakuwa la uongo. Wimbi linakwenda kasi ya mwanga, kilomita kama 300,000 kwa sekunde, yaani kwenda na kurudi tenki la mita 10 ni nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 67 hivi, hakuna saa ya kawaida ya kukamata hiyo. Ndo maana nyingi za siku hizi zinapandisha masafa ya wimbi (idadi ya mitetemo kwa sekunde) mfululizo, zinalinganisha linalotoka na lililorudi, tofauti ndo inatoa umbali.

Kwa nini tusitumie zile za sauti, si ni bei rahisi? Kwa maji ya kawaida sawa kabisa, tumia. Ila sauti inabadilika kasi na joto, kila nyuzi moja inaongeza kama mita 0.6 kwa sekunde, sasa weka juu ya sharubati ya miwa inayotoa mvuke uone namba zinavyocheza. Rada mvuke haiisumbui sana. Povu zito ndo linaisumbua, na vitu visivyorudisha wimbi vizuri, maana maji yanarudisha kwa nguvu lakini dizeli na unga mkavu mwangwi wake dhaifu.

Na mwale wake fikiria tochi. Rada ya gigahezi 26 (mitetemo bilioni 26 kwa sekunde) yenye antena ya milimita 80 hivi inatawanyika kama nyuzi 10, ikifika mita 10 chini duara lina karibu mita 1.75, ya gigahezi 80 duara ni kama nusu mita tu. Tenki lenye ngazi na panga za kukorogea, mimi ningenunua ya 80 bila kubishana na bosi. Usiifunge katikati ya paa la kuba, wala jirani na ukuta au bomba la kuingizia.

Yule fundi nilimwambia asubiri tenki lishuke kabisa ndo aifundishe sensa kupuuza ngazi, maana ukifanya tenki likiwa limejaa unaifundisha kupuuza molasi yenyewe! Jioni kanitumia picha, skrini inasema mita 0.42, na pembeni kamba ya kupimia ya mzee wa zamu, yenye uzito wa chuma, imelowa molasi mpaka fundo la 0.4 na kidogo.