Bangla-Pesa na mali iliyo nyuma ya karatasi

Mwaka 2013, wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Bangladesh, Mikindani, mjini Mombasa, walianza kuuziana kwa vocha waliyoiita Bangla-Pesa. Kazi yangu ni kushauri vikundi vinavyotaka kuanzisha mpango wa aina hiyo, na swali la kwanza huwa hili: karatasi isiyotolewa na benki kuu hupata wapi thamani?

Huipata kwa bidhaa na kazi za mikono, ambazo huwapo mtaani hata siku ambazo shilingi hazipo. Fundi cherehani hukaa bila kazi, mama mboga hurudi nyumbani na sukuma wiki iliyonyauka, na muuza maji hushinda na mitungi iliyojaa, ilhali kila mmoja anahitaji kile alicho nacho mwenzake. Shilingi chache zinazoingia hazikawii kutoka, kwa kuwa mwenye nyumba anadai kodi na bidhaa za jumla zinanunuliwa kwingine. Vocha, kwa kweli, ni mali kauli, yaani kuchukua sasa kwa ahadi ya kulipa baadaye, iliyotiwa katika maandishi. Tofauti yake ni kwamba ahadi ya fundi haiishii kwa mama mboga aliyempa mboga, bali hupita kwa muuza maji na wengine hadi imrudie fundi mwenyewe, naye ailipe kwa kushona sare ya shule. Shilingi ambayo mama mboga hakuitumia kwa maji humfaa alfajiri sokoni Kongowea, ambako vocha haina kazi.

Ahadi hiyo ilihitaji ulinzi, na ndiyo sababu mwanachama mpya wa Bangla-Pesa alitakiwa kudhaminiwa na wafanyabiashara wenzake wanne. Huo ndio utaratibu ninaouthamini kuliko mwingine wowote katika mpango ule, kwa maana jirani anajua vizuri zaidi ya afisa yeyote ni nani hufungua kibanda kila siku.

Serikali iliuona mpango huo kwa jicho jingine. Wiki chache baada ya uzinduzi wa Mei, Will Ruddick, Mmarekani aliyesaidia kuubuni, alikamatwa pamoja na baadhi ya wanachama, na mashtaka yakafutwa Agosti mwaka huohuo. Baadaye vocha za aina hiyo zilifika Kawangware, Nairobi, kisha zikahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni mrundikano. Mwenye duka anayenunua unga, sukari na sabuni zote kwa shilingi kutoka nje ya mtaa akizipokea vocha bila kikomo, zitamjaa mkononi, na siku atakapozikataa wengine watazikataa pia. Kwa hiyo humshauri apokee sehemu tu ya bei kwa vocha, kwa kiasi anachoweza kukitumia mwenyewe mtaani. Biashara ya pamoja husaidia hapa: kinu cha kusaga kinachomilikiwa na kikundi kinaweza kupokea vocha kwa ada ya kusaga na kuzitoa tena kwa mwendeshaji, mlinzi na fundi wa mtaa uleule.

Kwa hiyo, kabla ya kuchapisha noti hata moja, huwaomba wanakikundi waketi na daftari na kuchora kwa mistari nani hununua nini kwa nani. Mahali ambapo mstari mmoja tu unatoka nje ya mtaa na haurudi, huwa tunakaa hapo siku nzima.