Programu za AS/400 kwenye kivinjari: maana yake na ugumu wake

Mwaka 1988 kampuni ya IBM ilitoa AS/400, kompyuta ya daraja la kati iliyokusudiwa kuendesha hesabu, maghala na mishahara ya kampuni za kawaida. Jina limebadilika mara kadhaa, na leo mfumo wake unaitwa IBM i, lakini programu nyingi zilizoandikwa zamani kwa lugha za RPG na COBOL bado zinafanya kazi kwenye mashine mpya. Kuzileta kwenye wavuti ni kumwezesha mtumiaji kuzifikia kwa kivinjari cha kawaida bila kuandika upya kanuni za biashara zilizomo ndani yake.

Tuchukue mfano wa kubuni wa wakala wa mizigo mjini Kigoma, anayepokea shehena zinazofika kwa reli na kuzivusha ziwa kwenda Kalemie au Bujumbura, ilhali mashine yenye hesabu zake iko Dar es Salaam. Karani wake amezoea skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, mistari 24 ya herufi 80 kila mmoja.

Njia nyepesi ni kuweka programu ya katikati inayoisoma skrini hiyo na kuigeuza ukurasa wa wavuti: penye nafasi ya kujaza panatokea kisanduku, na penye maelezo ya F3, kitufe cha kibodi cha kutoka, panatokea kitufe cha kubonyeza. Programu ya ndani haiguswi, nayo huendelea kuamini kwamba inazungumza na terminali ya 5250, yaani ile skrini na kibodi ya zamani. Kwa kampuni iliyopoteza msimbo wake wa asili, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na watengenezaji, huenda hii ndiyo njia pekee. Hata hivyo, ikiwa kusajili mzigo kulipitia skrini sita, sasa kutapitia kurasa sita. Wauzaji huyaita haya mageuzi. Kwa maoni yangu ni rangi mpya kwenye ukuta uleule.

Ugumu wenyewe uko kwenye kumbukumbu. Programu ya skrini ya kijani iliandikwa kwa imani kwamba karani yupo upande wa pili muda wote: inatuma skrini, inasubiri jibu, na inaposubiri hukumbuka ni rekodi ipi iliyofunguliwa, mara nyingi ikiwa imeizuia isibadilishwe na mtu mwingine. Wavuti haiendi hivyo, kwa kuwa kila ombi la HTTP, yaani utaratibu ambao kivinjari hutumia kuomba kurasa kwa seva, linajitegemea. Karani wa Kigoma akifungua hati ya shehena ya saruji, kisha mtandao ukakatika, au akafunga kivinjari na kwenda kula, seva haipati habari kwamba ameondoka. Kazi yake inabaki ikisubiri, hati inabaki imezuiwa, na mwenzake wa Dar es Salaam akitaka kuirekebisha anaambiwa inatumika. Ndiyo maana huwekwa ukomo wa muda wa kikao: mtumiaji akikaa kimya kupita muda huo, kazi yake hufungwa. Na lililo bora zaidi ni kutozuia rekodi mapema, bali kukagua wakati wa kuhifadhi kama kuna aliyeibadilisha.

Njia ya kina ni kuzitoa kanuni zenyewe, kwa mfano ukokotoaji wa tozo ya ghala au ukaguzi wa ukomo wa mkopo wa mteja, na kuziweka kwenye moduli, yaani vipande vya programu vinavyojitegemea, zisizojua lolote kuhusu skrini, ili ziweze kuitwa na ukurasa wa wavuti, na simu, au na mfumo wa kampuni nyingine. Kazi hii ni ya polepole, kwa sababu katika programu nyingi za zamani sehemu inayokagua mkopo ndiyo hiyohiyo inayochora ujumbe wa kosa kwenye skrini.

Vitufe navyo visidharauliwe. Karani mzoefu hujaza hati bila kutazama kibodi, akijua kwamba F3 inatoka na F12 inaghairi. Katika vivinjari vingi F3 hufungua utafutaji wa maneno na F12 hufungua zana za watengenezaji programu. Ukurasa usiovipa vitufe hivyo kazi zake za zamani humlazimisha kushika kipanya kwa kila mzigo, naye atadai, kwa haki kabisa, kwamba mfumo mpya ni wa polepole.