Bastola ya mzee: nani atakuambia uirudishe?

Kwa miaka 11 nilikuwa askari wa wanyamapori kusini mwa Tanzania. Kila alfajiri nilisaini daftari ghalani, nikakabidhiwa bunduki na risasi za kuhesabu. Kila jioni nilirudi kusaini tena, na ikipungua risasi moja nilikaa kuandika maelezo kabla ya kula. Leo nina miaka 71, naishi Louisville, Kentucky, nina bastola kiunoni, na tangu niinunue hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza nitairudisha lini.

Nafundisha usalama wa silaha katika kituo kinachohudumia wahamiaji wanaozungumza Kiswahili. Wengi wao ni Wakongo, wapo Warundi, Watanzania na Wakenya. Zamani darasa lilijaa vijana. Sasa nawaona wenzangu wenye mvi, miwani na mikongojo, wanaotaka kujua kama sheria inawaruhusu kuficha bastola ndani ya koti. Sheria nitaieleza. Lakini kwa mtu wa umri wetu lipo jambo zito kuliko sheria, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Mimi si mpinzani wa silaha. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yanayolinda haki ya kuwa na silaha, yapo tangu 1791. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ya nchi hii ilisema mtu binafsi ana haki ya kuwa na silaha nyumbani kwa ajili ya kujihami. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ikasema haki hiyo haiishii mlangoni. Mimi nilianza kubeba 2009, nilipokuwa nafunga duka la watu usiku wa manane na kutembea peke yangu hadi kituo cha basi. Silijutii hilo.

Wakati huo Kentucky ilidai leseni kwa kila anayeficha bastola mwilini. Ulikaa darasani, ukafundishwa sheria, kisha ukapiga risasi 20 kwenye mchoro wa mtu ulio umbali wa yadi 7, yaani kama mita 6 na nusu. Zikigonga 11, umefaulu. Unapewa kadi inayodumu miaka 5. Tangu 27 Juni 2019 mambo yamebadilika: aliyetimiza miaka 21, ambaye sheria haimkatazi kumiliki silaha, anaweza kuificha mwilini bila leseni yoyote. Darasa limekuwa hiari. Nasema kwa moyo mmoja kwamba hilo linanisikitisha, kwa sababu nimewaona watu wanaonunua bastola Jumamosi na kuingia nayo kanisani Jumapili, hawajui hata kuangalia kama chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ina risasi.

Kadi bado inatolewa, na nawashauri mwichukue, hasa mnaoendesha malori. Kentucky imepakana na majimbo 7. Indiana, Ohio, Tennessee, Missouri na West Virginia hayadai leseni. Virginia inaidai, lakini imekuwa ikiitambua kadi ya Kentucky. Illinois inaidai na kadi yetu haiitambui, kwa hiyo ukishuka garini kununua chai upande wa Illinois na bastola ikiwa kiunoni, umeshatenda kosa. Na hata ukiwa na kadi, zipo sehemu ambazo bastola haiingii: shuleni, mahakamani, na katika majengo ya serikali ya shirikisho. Wazee tunakwenda mara kwa mara ofisi za Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya shirikisho, kufuatilia mafao. Iache nyumbani siku hiyo, ikiwa imefungiwa.

Kwa mhamiaji pana hatari nyingine ambayo mwalimu Mmarekani huenda asikumbuke kukutajia. Mkimbizi na mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, wanaweza kumiliki silaha. Lakini hukumu ya kosa la silaha inaweza kumfukuzisha nchini mwenye kadi ya kijani hata kama ameishi hapa miaka 20. Vilevile mgeni aliyekuja kwa viza ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika. Shemeji amekuja kutoka Bujumbura kuwasalimia, mnampeleka uwanja wa shabaha ajifurahishe, mnampiga na picha. Kumbe picha hiyo ni ushahidi.

Sheria tuiache hapo. Sasa nizungumze na mzee mwenzangu.

Januari mwaka jana nilifanya jaribio uani kwangu. Bastola niliiondoa risasi zote, nikazifungia chumba kingine, nikavaa kama ninavyovaa nikienda sokoni: shati, sweta, koti zito, glavu. Binti yangu alishika saa. Nilivua glavu, nikatafuta zipu, nikaivuta, nikapandisha sweta, nikakamata kitako cha bastola, nikaitoa. Sekunde 6, na vidole vilikuwa vimekakamaa. Mwaka 1983 sajenti mmoja wa polisi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21 kwa sekunde moja na nusu tu. Futi 21 ndizo zile yadi 7 za mtihani wa leseni. Yaani mtu huyo angenifikia na kunimaliza kabla sijamaliza kuhangaika na zipu. Mzee anayeamini kuwa amelindwa kwa sababu ana chuma chini ya sweta anajidanganya, na imani hiyo humfanya apite mahali ambapo angepaswa kupakwepa.

Baridi yabisi nayo haina huruma. Bastola nyingi za kuficha ni ndogo, na ndogo ndizo zenye springi ngumu. Mzee akishindwa kuikoki kwa vidole, yaani kuivuta nyuma ili risasi iingie kwenye chemba, anaibana kwenye mapaja au anaisukuma kwenye ukingo wa meza, mdomo wa bastola ukielekea kwenye mguu wake mwenyewe. Nimeshuhudia hilo darasani zaidi ya mara moja. Wengine, kwa kukwepa tabu ya kuikoki, huiacha na risasi kwenye chemba usiku na mchana. Halafu wanaitia mfukoni bila ala, pamoja na funguo. Ala ngumu inayofunika kifyatulio ni lazima. Asiye nayo asibebe.

Nitawaambia pia lililonipata. Nikiwa na miaka 66, tukisafiri kwenye barabara kuu ya I-65, tulisimama kituo cha mafuta nikaingia chooni. Ukikaa, suruali inashuka na bastola inaning'inia, kwa hiyo niliitoa na ala yake nikaiweka juu ya kasha la karatasi za chooni. Nikamaliza, nikatoka, nikanawa mikono, nikarudi garini. Tulikuwa tumeshafunga mikanda ndipo nilipojishika kiunoni. Nilirudi mbio kuliko nilivyowahi kukimbia mbele ya nyati. Kwenye sinki alisimama mtoto wa kiume, labda wa miaka 9, anafungua bomba. Mlango wa kile choo ulikuwa wazi. Bastola ilikuwa palepale. Mtoto alinitazama, mimi nikashindwa hata kumsalimia. Nilikaa garini muda mrefu kabla ya kumwambia mke wangu twende.

Askari wa wanyamapori hasahau bunduki. Mimi nilisahau. Siku ile ndiyo niliyokumbuka lile daftari la ghalani.

Lipo na lingine, tunaloliona aibu kulitaja kwa Kiswahili. Mwaka 2023 watu 46,728 walikufa kwa risasi Marekani, na kati yao 27,300 walijiua wenyewe. Wengi hufikiria majambazi wanaposikia habari za bastola, kumbe zaidi ya nusu ya vifo hivyo ni vya watu waliojielekezea wenyewe. Wanaume wa miaka 75 na zaidi ndio kundi lenye kiwango kikubwa kabisa cha kujiua nchini humu. Tena bastola haitoi nafasi ya kujuta: katika kila watu 10 wanaojipiga, karibu 9 hufa. Mzee aliyefiwa na mke, watoto wako majimbo ya mbali, lugha haijakaa mdomoni, maumivu hayamruhusu kulala, na kwenye droo ya kitandani kuna bastola yenye risasi. Huyo simfahamu mmoja. Nawafahamu kadhaa.

Mmoja wao alinipigia simu usiku, akasema, "Mwalimu, njoo unishikie ufunguo mpaka pakuche." Nilikwenda. Sikumhubiria. Nilichukua ufunguo wa sefu, tukanywa chai, tukazungumzia samaki wa Ziwa Tanganyika. Ufunguo nilikaa nao miezi 3, na kisha akaamua mwenyewe kuiuza bastola. Yuko hai. Kwa hiyo mkisikia mzazi anasema amechoka kuishi, ulizeni bastola iko wapi, siku hiyohiyo. Daktari akiuliza kama una silaha nyumbani, usimwone mpelelezi. Na namba 988, ya simu ya msaada kwa anayefikiria kujiua, inapatikana saa zote. Ukipiga, omba mkalimani wa Kiswahili.

Kuhusu kuikabidhi, fanyeni mapema wakati akili ingali timamu, kwa sababu mtu aliyeanza kupoteza kumbukumbu hakubali kwamba amepoteza, na usiku anaweza kumwona mwanawe mwenyewe kuwa ni mwizi. Hapa Kentucky unaweza kumpa silaha ndugu au rafiki mkaazi wa jimbo hili, mradi sheria haimkatazi kumiliki. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa la jinai, au kwa kumpiga mke, huyo usimpe hata kwa kumtunzia. Kama mwanao yuko jimbo jingine, sharti ipitie kwa muuzaji mwenye leseni. Usiifungie kwenye begi ukamtumia na mtu wa basi.

Mpaka siku hiyo ifike, isiyo mwilini iwe imefungwa. Kufuli la waya linapitishwa ndani ya bastola iliyo tupu, na vituo vingi vya polisi huyatoa bure. Risasi ziwekwe pengine. Wajukuu wanajua kila maficho ya nyumba yako. Chini ya godoro ndipo wanapoanzia.

Kwangu mimi tumekubaliana hivi na binti yangu. Kila mwaka, wiki ya siku yangu ya kuzaliwa, tunakwenda uwanja wa shabaha. Napiga mtihani uleule wa Kentucky: risasi 20, yadi 7. Yeye anahesabu matundu na kuandika kwenye daftari, mimi nasaini. Siku yatakapopungua 11, au siku nitakapoisahau tena popote, ufunguo wa sefu unahamia kwake, bila mjadala. Tumeliandika hilo, na yeye ana nakala. Mwaka juzi nilipata 18. Mwaka jana 17. Mwezi uliopita binti yangu alihesabu mara mbili, akaandika 14, akanipa kalamu.