Mti unaopendeza ndio unaoua grini

Vuli ikikaribia, katika klabu ya gofu hakosekani mwanachama wa kuja na miche ya mivinje na maneno yaleyale: "Kiwanja chetu ni paklandi, tuongeze miti." Paklandi ni kiwanja cha bara, chenye nyasi na miti. Miaka michache baadaye grini ya jirani, yaani zile nyasi fupi kabisa zenye shimo, ina upara, na anayelaumiwa ni mtu wa mpira wa kumwagilia.

Dhana: miti ikizidi, paklandi inanoga.

Paklandi ilianzia bara, Uingereza, kwenye viunga vya matajiri: majani mafupi yaliyolishwa kondoo, na mti mmoja hapa, mwingine kule mbali. Gofu ilipohamia huko iliwezekana kwa sababu mashine ya kukata majani ilikuwapo tayari. Edwin Budding aliipatia hataza mwaka 1830. Msitu haumo kabisa katika asili yake. Mti wa kiwanjani lazima uwe na kazi, mfano kukaa kwenye kona ya feawei (njia ya nyasi fupi kuelekea grini) umnyime mchezaji njia ya mkato. Mti uliosimama nyuma ya grini, upande wa mashariki, una kazi gani? Kuweka kivuli tu.

Tupige hesabu ya Dar. Mwezi Juni jua letu linachomoza kaskazini-mashariki. Saa mbili asubuhi mvinje wa mita 15 unalaza kivuli cha zaidi ya mita 40 kuelekea kusini-magharibi, yaani unafunika grini nzima na kumwagikia hadi kwenye banka, shimo la mchanga. Nyasi ya Bermuda iliyokatwa milimita 4 imebakiwa na jani dogo mno la kujitengenezea chakula. Inahitaji jua kamili kwa muda wa takriban saa nane kila siku. Ndiyo maana rafu, nyasi ndefu za pembeni, inavumilia kivuli kilekile kinachoiua grini. Umande nao unachelewa kukauka, upepo wa bahari haupenyi, kuvu wanaingia. Hapo mtu anaongeza maji! Mizizi inaoza, nyasi zinang'oka kwa vidole viwili.

Kabla ya kugusa bomba, nenda kwenye grini siku ya jua saa moja na nusu, saa tatu, saa tano na saa tisa. Kila mara chomeka vijiti kwenye ukingo wa kivuli. Rudia Desemba, maana wakati huo jua linatokea kusini-mashariki na mti wa lawama unaweza kuwa mwingine kabisa. Ukishaujua, anza kwa kuondoa matawi ya chini na kupunguza ya ndani ili mwanga na upepo vipite. Isipotosha, kata mti. Najua inauma, hasa ukiwa mwembe, lakini mwembe unapandika popote na grini haihamishiki.

Penye jua la kutosha ila nyasi zinanyauka upande mmoja tu, shuku mizizi ya mti. Chimba mtaro wenye kina cha sentimita 60 hadi 90 kati ya mti na grini, kata mizizi, simamisha karatasi nzito ya plastiki, fukia. Usisogee karibu na shina, kusi itauangusha mti.

Dhana: Gymkhana, klabu ya gofu ya Dar, iko jirani na bahari, kwa hiyo ni linksi. Linksi ni ardhi ya vilima vya mchanga, kavu, ya upepo, karibu haina miti, kama ya pwani ya Uskoti. Kuona meli kutoka kwenye tii, pa kupigia mpira wa kwanza, hakubadilishi aina ya kiwanja.

Dhana: mashimo ni 18 kwa sababu chupa ya wiski ina toti 18. Hadithi ya baa. St Andrews mzunguko ulikuwa wa mashimo 22. Mwaka 1764 manne ya mwanzo yaliunganishwa yakawa mawili, na kwa kuwa yalichezwa kwenda na kurudi, yakabaki 18.

Dhana: par, idadi ya mapigo yanayotarajiwa kwa shimo, hupangwa kwa ugumu wake. Kinachotangulia ni urefu. Ugumu una namba yake pembeni kwenye kadi, isome.

Dhana: kutoboa grini na kumwaga mchanga ni kuiharibu. Udongo ulioshindiliwa na viatu haupitishi maji wala hewa. Matundu hujifunga wiki mbili tatu, kukiwa na joto. Mchanga uwe wa mtoni, uliooshwa, mkavu, usambazwe kwa ufagio mpaka ncha za majani zionekane. Wa ufukweni usilete. Una chumvi na vipande vya makombe vinavyokula visu vya mashine.