Nyota hafifu ya buluu-nyeupe: mfano wa Mu Columbae

Ukisoma kwamba nyota fulani ni "hafifu, ya buluu-nyeupe", umepewa habari mbili zisizotegemeana. Uhafifu ni jinsi inavyoonekana kutoka duniani. Rangi ni joto la nyota yenyewe. Wengi huzichanganya, wakadhani nyota hafifu lazima iwe dhaifu.

Chukua Mu Columbae, iliyo katika kundinyota la Njiwa (Columba), kati ya kundinyota la Jabari (Orion) na nyota Suheli (Canopus). Kwenye mabomba ya bafuni buluu ni alama ya baridi. Kwa nyota ni kinyume. Uso wake una joto la zaidi ya nyuzi 30,000, ilhali uso wa Jua ni kama 5,500. Tena sehemu kubwa ya nuru yake ni urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni kabisa.

Mbona basi haing'ari? Ni umbali hasa: iko zaidi ya miaka ya nuru 1,000 kutoka hapa (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Jua letu lingekuwa huko, usingeliona hata kwa darubini ya mkono.

Mwangaza unaoonekana hupimwa kwa namba, na namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu. Shira (Sirius), inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, ina −1.5. Mu Columbae ina 5.2, yaani Shira inaipita zaidi ya mara 400. Mwisho wa macho matupu ni kama 6, tena penye giza hasa. Katikati ya jiji, sahau.

Ukiwa nje ya Dar es Salaam, itafute mwishoni mwa Januari, saa tatu na nusu usiku hivi, inapokuwa juu upande wa kusini. Chagua usiku usio na mbalamwezi, ukae gizani kama dakika 20 macho yazoee. Buluu usiitegemee: chembe za jicho zinazofanya kazi gizani hazitambui rangi, kwa hiyo utaona kitone kisicho na rangi. Kwa darubini ya mkono, rangi huanza kujitokeza.

Wanaastronomia wanaipendea mwendo wake. Inakimbia takriban kilomita 100 kwa sekunde, na mwaka 1954 wanaastronomia Adriaan Blaauw na William Morgan walionyesha kwamba nyota nyingine, AE Aurigae, inakimbia upande wa pili kwa kasi inayokaribiana na hiyo. Zote mbili zilirushwa kutoka eneo la Jabari, kama miaka milioni 2.5 iliyopita.