Mkondo wa vimondo hautulii

Mwaka 1899 watu wengi Ulaya na Marekani walikesha wakingoja vimondo vya Leonidi, vinavyoonekana kila Novemba. Hesabu ilionekana nyepesi: dhoruba ya vimondo ya 1833 ilifuatwa na mvua kubwa ya 1866, na nyotamkia Tempel-Tuttle, inayomwaga vumbi linalowaka angani kuwa vimondo hivyo, hulizunguka Jua kwa miaka 33 hivi. Dhoruba haikuja.

Waliponzwa na dhana ambayo ingali hai, kwamba mkondo wa vimondo, yaani vumbi hilo linalozunguka Jua, ni reli iliyolazwa angani na Dunia hukatiza palepale siku zote. Ukweli ni kwamba sayari kubwa huisogeza njia hiyo. Zohali mwaka 1870 na Mshtarii mwaka 1898 zilipita karibu na mkondo, zikauvuta ukaikosa Dunia. Wanasayansi Stoney na Downing walikuwa wameonya mapema, lakini nani husikiliza hesabu wakati magazeti yameshaahidi fataki? Mvutano uleule unaweza pia kuurudisha: mwaka 1966, magharibi mwa Marekani, vimondo vilikadiriwa kwa makumi kila sekunde.

Wengine hudhani mkondo ni wingu moja. La, ni nyuzi nyingi. Kila mara nyotamkia inapolikaribia Jua huacha uzi wake, na kila uzi huvutwa kivyake. Wanaastronomia David Asher na Robert McNaught walizifuatilia nyuzi hizo moja moja, wakaitabiri dhoruba ya 1999 kwa tofauti ya dakika chache tu. Vumbi lililoileta lilitoka kwenye nyotamkia katika ziara ileile ya 1899 iliyowavunja watu moyo.

Je, Jua huvuta tu? Mwanga wake pia husukuma. Chembe ndogo, zenye eneo kubwa kulinganisha na uzito, husukumwa zaidi, hivyo obiti zao, yaani njia zao za kulizunguka Jua, hutanuka na huchelewa nyuma ya nyotamkia. Kisha, kwa maelfu ya miaka, mwanga huohuo huzipunguzia mwendo chembe ndogo, nazo huzunguka zikilisogelea Jua taratibu.

Wala nyotamkia haihitaji kuwa karibu ili vimondo vyake vionekane. Nyotamkia Swift-Tuttle ilipita mwaka 1992, na vimondo vyake, Perseidi, huonekana kila Agosti.

Na mkondo hufifia. Nyotamkia Biela ilionekana imegawanyika mwaka 1846, vumbi lake likaleta dhoruba za 1872 na 1885. Mshtarii imeshausogeza mkondo huo, na leo vimondo vyake, Andromedidi, kwa kawaida ni vichache mno kuonekana kwa macho.